Kuendesha gari Unguja na Pemba: maswali wanayouliza wageni

Ukurasa huu ni wa mgeni anayezungumza Kiswahili: ndugu wa Mombasa au Nairobi anayekuja kupumzika, mfanyabiashara wa Bujumbura, jamaa wa Muscat na Dubai wanaokuja kuwaona wazee wao Wete, na Mtanzania wa Bara ambaye hajawahi kushika usukani visiwani. Maswali ni yale yale kila msimu. Yale ambayo tunaamini yanaokoa roho za watu tumeyajibu kwa urefu, na mengine kwa kifupi.

Nina leseni ya kwetu. Inatosha?

Usiitegemee peke yake. Chukua kibali cha muda cha kuendesha Zanzibar kabla hujawasha gari.

Wageni wengi hushangaa, hasa wanaotoka Bara kwa boti ya mwendo wa saa mbili na kuona bado wako Tanzania. Jeshi la Polisi ni la Muungano, lakini leseni za udereva na usajili wa vyombo vya moto hapa viko chini ya Serikali ya Mapinduzi na sheria zake. Ndiyo maana namba za gari za Zanzibar zinaanza na Z na za Bara zinaanza na T.

Kibali hutolewa kwa kuonesha leseni ambayo haijamaliza muda wake pamoja na pasipoti au kitambulisho. Kwa kawaida anayekukodisha gari ndiye anayekuhangaikia, kwa hiyo mpelekee picha za nyaraka zako siku mbili tatu kabla ya kufika. Ukikabidhiwa, kisome papo hapo: jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na aina ya chombo. Kibali kinachoanza kesho hakikusaidii leo. Na ubebe karatasi yenyewe. Picha iliyo kwenye simu haikufai simu ikizima chaji. Ukiwa na leseni ya kimataifa, njoo nayo pia, hasa kama leseni ya kwenu imeandikwa kwa Kiarabu au Kifaransa. Kibali uwe nacho vile vile.

Mwenye leseni ya Bara amwambie mwenye gari mapema kuwa leseni yake ni ya Bara, ili suala hilo limalizwe kabla ya safari na si mbele ya askari.

Nimezoea kuendesha upande wa kulia. Nitaweza kushoto?

Utaweza, lakini tafadhali usilichukulie jambo hili kwa wepesi. Mkenya na Mganda hawana shida, kwao ni kushoto pia. Anayetoka Muscat, Dubai, Kigali, Bujumbura, Goma au Bukavu amezoea kulia, na mazoea ya miaka hayaondoki kwa siku moja.

Hatari haiko pale unapodhani. Katikati ya foleni ya Darajani huwezi kukosea, kwa sababu unamfuata aliye mbele yako. Utakosea barabara ikiwa tupu: alfajiri unapotoka hotelini, unapotoka kituo cha mafuta, unaporudi barabarani baada ya kununua madafu, au unapopinda kulia na akili imeshafika unakokwenda. Na hatari zaidi ni unaposhtuka. Ng'ombe akitokea ghafla, mkono unakurudisha upande uliozoea, na kwako wewe huo ndio upande wa gari inayokuja.

Kuna kipimo kimoja tunachompa kila mgeni. Gari za hapa zina usukani kulia, basi dereva awe karibu na katikati ya barabara na abiria awe upande wa majani. Ukiona abiria wako ndiye aliye jirani na mstari wa kati, uko upande wa watu. Mpe abiria kazi: kila mnapoingia barabarani au mnapopinda, aseme kwa sauti, "Kushoto." Asione haya kurudia. Ukiwa peke yako, jisemee mwenyewe.

Utaona pia kuwa kijiti cha indiketa kiko mkono wa kulia, maana gari nyingi zimeletwa kutoka Japani zikiwa zimeshatumika. Siku ya kwanza utataka kuonesha unapinda na waipa zitaanza kufuta kioo kikavu. Zunguka kwanza kwenye uwanja au njia ya ndani isiyo na gari nyingi kabla hujaingia barabara kuu. Na ukishuka kutembea kwa miguu, tazama kulia kwanza kabla ya kuvuka.

Kwenye kipilefti nani ana haki?

Aliye ndani tayari, yaani anayekujia kutoka kulia. Unazunguka kwa mwendo wa mshale wa saa. Hiyo ndiyo sheria. Ukifika Michenzani saa saba mchana utaona bodaboda wanapita wanapopata nafasi na daladala inaingia bila kukutazama. Usishindane nao. Ingia taratibu, toa indiketa ya kutokea, na ukikosa mkato wako zunguka tena. Hakuna anayekucheka.

Kasi inayoruhusiwa ni ngapi?

Fuata kibao kilichopo. Ukiingia kwenye makazi ya watu na kibao hukukiona, chukulia kuwa 50 kwa saa ndiyo mwisho, na mbele ya skuli shuka hata chini ya hapo.

Lakini kibao peke yake hakitoshi. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi na Pemba kama 67. Hakuna unakokwenda kilicho mbali. Kutoka mjini hadi Nungwi ni mwendo wa saa moja na ushei, Paje ni kama saa moja, na ukikimbia utaokoa dakika kumi. Na barabara yenyewe inapita mlangoni kwa watu. Kijiji kimekaa pande zote mbili, duka liko huku na msikiti uko kule, na bibi anavuka na ndoo yake kama alivyovuka tangu kabla lami haijawekwa. Barabara hizi ni za waendao kwa miguu kwanza, na mwenye gari ni mpita njia. Ukiendesha ukilijua hilo, nusu ya nasaha zilizobaki kwenye ukurasa huu huzihitaji.

Watoto ndio wanaotutia hofu kubwa. Skuli nyingi zina mikondo miwili, asubuhi na mchana, kwa hiyo adhuhuri barabara hujaa mara mbili: wanaotoka na wanaoingia. Alasiri watoto hao hao wanakwenda madrasa. Wanatembea kwa makundi, wanasukumana, wanacheza. Ukimuona mmoja amevuka mbio, punguza kabisa na usubiri, kwa sababu wenzake watamfuata bila kutazama.

Matuta ni mengi na mengine hayana rangi wala kibao. Alama nzuri ya tuta ni gari ya mbele: ukiona taa zake za breki zinawaka mahali pasipo na kitu, tuta lipo.

Ukipita Pete, kwenye msitu wa Jozani, matuta yale yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, ambao duniani kote hawaishi porini ila Zanzibar. Barabara ilipotiwa lami wakawa wanagongwa sana. Wanavuka kwa kundi, mama na mtoto mgongoni au tumboni. Subiri wapite wote, na usisimame katikati ya barabara kuwapiga picha. Egesha mbele kwenye lango la hifadhi.

Ni kweli kuna vizuizi vingi vya polisi?

Vipo, kwenye barabara kuu zote zinazotoka mjini. Usiviogope. Askari wa usalama barabarani, ambao wengi huwaita trafiki, huvaa sare nyeupe. Akikunyooshea mkono, toa indiketa ya kushoto, simama nje ya njia, teremsha kioo, vua miwani ya jua. Anza wewe kutoa salamu: "Assalamu alaykum, afande, habari za kazi." Kisha nyamaza umsikilize.

Ataomba leseni, kibali, bima na pengine mkataba wa kukodi. Viweke vyote kwenye bahasha moja, mahali unapofikia bila kupekua. Atatazama mikanda imefungwa, taa zinawaka, tairi zina meno. Kuongea na simu huku unaendesha ni kosa, na abiria wa mbele kutofunga mkanda ni kosa.

Ukiambiwa umekosa, uliza kwa adabu ni kosa gani na faini yake ni kiasi gani. Ukikubali, omba uandikiwe na upewe namba ya malipo, ulipe kwa njia ya serikali na ubaki na risiti. Fedha ya mkononi isiyo na risiti si faini. Kuitoa ni kosa lako pia, na kunamponza mgeni anayekuja nyuma yako. Sema kwa upole: "Afande, naomba niandikie tu, nitalipa." Maneno hayo yanatosha, na hayahitaji ukali. Ukiwa na haraka ya boti ndipo utakaposhawishika kuyamaliza kwa njia fupi. Basi toka mapema.

Ukiona pikipiki ya polisi yenye ving'ora inakujia na gari nyuma yake zimewasha taa, ni msafara wa viongozi. Kaa pembeni kabisa, usimame hadi wote wapite. Na usipige picha kambi za jeshi wala za vikosi vya Zanzibar kama KMKM (Kikosi Maalumu cha Kuzuia Magendo) na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), hata kama pwani iliyo nyuma yake ni nzuri.

Gari ya kukodi niikague vipi?

Kwa nusu saa nzima, mchana, kabla hujalipa. Wanaolalamika kwetu karibu wote walipokea gari usiku bandarini au uwanja wa ndege wakiwa wamechoka.

Anza na karatasi. Bima ina aina mbili: bima ndogo hulipa uharibifu unaomfanyia mwingine, na bima kubwa hulipa na gari yenyewe. Uliza ni ipi, kisha uliza swali la pili ambalo watu wanalisahau: gari ikiharibika, mimi nitatoa kiasi gani kwanza kabla bima haijalipa? Kiasi hicho kiandikwe kwenye mkataba. Uliza pia kama tairi, vioo na chini ya gari vimo, maana mara nyingi havimo, na barabara za huku zinaumiza hivyo hivyo. Mgeni wa kutoka nje atakuwa amelipia pia bima ya safari ya kuingilia Zanzibar, ile iliyoanza Oktoba 2024 kwa Dola 44. Hiyo ni ya msafiri, haihusiani na gari.

Halafu gari yenyewe. Zunguka ukiichukua video, kila mkwaruzo, na mwenye gari awepo. Tazama tairi nne na ya tano, kisha itoe hiyo spea uione kwa macho kama ina upepo. Ione jeki na wilispana. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwepo, na mtungi wa kuzimia moto. Washa taa zote, piga honi, jaribu waipa, shika breki ukiwa mwendo mdogo. Andikeni mafuta yalipo kwenye geji.

Gari nyingi utakazopewa ni Suzuki Escudo na Toyota RAV4 zenye umri mkubwa. Umri si tatizo. Tairi kipara ndiyo tatizo, na hapo usikubali kuambiwa "itafika tu".

Usikodi kwa papasi, yaani dalali wa mtaani, anayekufuata bandarini. Bei yake itakuwa ndogo, lakini gari huenda ni ya mtu binafsi isiyo na bima ya kukodisha, na siku ya ajali hutamuona tena.

Naweza kuingia Mji Mkongwe na gari?

Utauzunguka, hutauingia. Vichochoro vyake ni vya miguu, baskeli na, kwa bahati mbaya, pikipiki. Gari hupita Mizingani, Malindi, Shangani, Vuga na barabara ya Benjamin Mkapa ambayo wenyeji bado wanaiita Creek Road. Njia kadhaa ni za upande mmoja tu. Egesha sehemu ya kulipia, chukua risiti, utembee. Ni mji wa kuonwa kwa miguu. Ijumaa kati ya saa sita na saa nane mchana usipange kupita karibu na misikiti mikubwa, magari huwa yamepangwa mpaka barabarani na waumini wanatoka kwa wakati mmoja.

Kuendesha usiku mnaonaje?

Tunakuomba usiendeshe nje ya mji baada ya magharibi kama si lazima.

Taa za barabarani shamba ni chache. Watu wako njiani mpaka baada ya isha, na wanawake wengi wamevaa buibui nyeusi ambazo taa ya gari haizioni mpaka uwe karibu mno. Baskeli hazina taa. Gari za ng'ombe, zinazobeba mawe, kuni na nazi, hazina hata kiakisi mwanga, na zinakwenda mwendo wa mtu. Ng'ombe waliokatika kamba hulala kwenye lami kwa sababu ina joto. Juu ya hayo, anayekuja mbele yako atakupiga taa kubwa usoni.

Ikiwa imekubidi, nenda kwa kasi ambayo unaweza kusimama ndani ya urefu unaomulikwa na taa zako. Ukipigwa taa usoni, tazama ukingo wa kushoto wa barabara na upunguze mwendo, usilipize. Ukikuta matawi ya miti yametandazwa barabarani, mbele kuna gari imeharibika. Mtu ameyaweka kwa ajili yako.

Daladala zinasimama popote. Nizipite vipi?

Kaa mbali nazo, angalau urefu wa gari tatu. Abiria akisema "shusha" konda anagonga bodi na gari inasimama pale pale. Anayeshuka mara nyingi hukata mbele au nyuma ya gari akavuka, kwa hiyo unapoipita daladala iliyosimama, ipite kama kwamba kuna mtoto anatokea nyuma yake.

Dereva wa lori aliye mbele akikuwashia indiketa ya kulia na hapindi, anakwambia usipite, kuna gari inakuja. Ya kushoto maana yake njia nyeupe. Ni wema wao, na tunaushukuru, lakini macho yawe yako. Huenda kweli anapinda.

Msimu wa mvua barabara zinapitika?

Za lami, ndiyo. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Disemba, na masika ndiyo yenye maji. Mjini kuna mabonde yanayojaa kwa saa chache tu za mvua. Eneo la Mwanakwerekwe limekuwa na sifa hiyo kwa miaka mingi. Usiingize gari kwenye maji usiyoona chini yake. Tazama gari nyingine zinapita wapi, au subiri. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya kuliko zote kwa breki, kwa sababu mafuta na vumbi vya miezi vinateleza kama sabuni.

Njia za udongo za kwenda mashambani uliza kwa wenyeji asubuhi hiyo hiyo. Upande wa mashariki na kusini mwa Unguja njia ni za maweni, mawe ya matumbawe yaliyochongoka, na yanakata tairi ubavuni ambapo pancha haizibiki.

Naweza kuendesha ufukweni?

Hapana. Maji yakijaa hayakusubiri, chumvi inaila gari, bima haitakulipa, na maji yakitoka kina mama wa Paje na Jambiani wako kwenye mwani wao.

Mafuta yanapatikana wapi, na bei ikoje?

Bei kikomo hutangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa maji na nishati, kwa hiyo hakuna haja ya kuzunguka kutafuta nafuu. Mhudumu ndiye anayejaza. Hakikisha mashine imeanzia sifuri, na uwe na fedha taslimu. Unguja vituo viko kwenye barabara kuu zote. Pemba jaza ukiwa Chake Chake, Wete au Mkoani kabla hujaenda mbali.

Petroli inayouzwa kwenye chupa za maji mezani vijijini ni ya dharura tu, ya kukufikisha kituoni.

Pemba ni tofauti na Unguja?

Tofauti sana, na wanaoizoea Unguja ndio wanaokosea. Unguja ni tambarare. Pemba ni vilima na mabonde, kona juu ya kona, unapanda huku huoni anayeteremka. Tumia gia ndogo unapoteremka ili breki zisipate moto, na gari ya otomatiki ina L au 2 kwa kazi hiyo. Piga honi kabla ya kona kali. Usipite gari nyingine kwenye mlima, hata kama iliyo mbele imebeba mawe na inatambaa.

Gari za kukodi ni chache, kwa hiyo panga kabla ya kuvuka. Ukitaka kuja na gari ya Unguja, lazima mwenye gari akuruhusu kwa maandishi, na meli inayobeba magari si ya kila siku. Inashuka Mkoani. Wengi huvuka kwa boti au ndege na kuchukua gari pamoja na dereva huko huko. Kwa Pemba ndivyo tunavyoshauri, safari ya kwanza angalau.

Msimu wa karafuu, kijiji kizima kiko kazini. Karafuu huanikwa kwenye majamvi uani, barazani, na nyingine pembezoni mwa barabara, na wanaochambua wamekaa hapo hapo na watoto wao. Jamvi moja ni ada ya skuli ya mwaka, ni bati la nyumba. Usilikanyage, usiegeshe karibu likaingia vumbi, na ukihitaji kugeuza gari geuza mbele. Na mtu yeyote akikuomba umbebee gunia la karafuu kutoka kisiwani, kataa, hata akiwa jamaa. Karafuu huuzwa kwa shirika la serikali, ZSTC. Kuzitoa kisiwani kinyemela ni magendo, na gari inayokamatwa nazo inaingia kwenye kesi pamoja na dereva wake.

Ukielekea Ngezi na Kigomasha, toka mapema. Ndani ya msitu njia ni nyembamba na kiza huingia kabla ya jua kuzama.

Njia nimeipotea na ramani ya simu inanipeleka shambani. Nifanye nini?

Simama, shuka, uliza. Usipige honi kumwita mtu wala kupaza sauti kutoka dirishani. Mwendee mzee aliyekaa barazani, mpe salamu, mwamkie shikamoo, kisha eleza unakokwenda. Huenda akamtuma kijana akuoneshe. Ukitoka pwani jifunike kwanza kabla ya kushuka kijijini.

Ramadhani inabadilisha nini barabarani?

Mengi. Mchana watu wamefunga, jua ni kali, na subira ya madereva hupungua kadiri alasiri inavyosonga. Saa moja kabla ya magharibi kila mtu anakimbilia nyumbani kufuturu, na hiyo ndiyo saa ya kukaa ulipo. Adhana ikishatoka barabara inakuwa tupu kabisa. Baada ya Tarawehe watu hujaa tena, watoto wakiwemo, mpaka usiku mwingi. Kula na kunywa hadharani mchana kunawaudhi watu na kunaweza kukuingiza matatizoni, na ndani ya gari yenye vioo wazi ni hadharani. Siku za Idi mjini utakuta watoto wa sikukuu kila mahali karibu na viwanja. Acha gari, nenda kwa miguu.

Pikipiki au skuta nayo vipi?

Kibali kiwe cha pikipiki, si cha gari. Kofia ngumu wewe na uliyempakia, iliyofungwa kidevuni. Kama hukuwahi kuendesha pikipiki kwenu, usijifunzie hapa.

Nikipata ajali?

Simama. Washa taa za hatari, weka pembetatu, tazama kama kuna aliyeumia. Piga 112. Usiziondoe gari mpaka polisi wapime, isipokuwa zinahatarisha wengine. Mpigie mwenye gari mara moja.

Majeruhi akipelekwa hospitali baada ya ajali, polisi hutoa fomu ya matibabu, PF3. Kama hali yake ni mbaya, apelekwe kwanza na fomu imfuate nyuma. Unguja hospitali kubwa ni Mnazi Mmoja mjini. Kusini mwa Pemba ni Abdalla Mzee, Mkoani.

Ikitokea kijijini, omba aitwe sheha. Yeye ndiye kiongozi wa shehia, anajulikana na kila mtu, na akiwepo maneno hutulia. Usijadili nani mwenye kosa, usiahidi fedha, usisaini karatasi usiyoielewa. Toa pole. Kutoa pole si kukiri kosa, na kutoitoa kutaumiza zaidi. Kama watu wamepandwa na hasira na unahofia roho yako, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukatoe taarifa. Ukishatulia, nenda ukamjulie hali aliyeumia, pamoja na mwenyeji anayejua adabu za pale. Bima italipa kitu, haitalipa hilo.

Niivushe gari yangu kutoka Dar es Salaam?

Meli ya kubeba magari ipo, lakini kwa wiki moja au mbili gharama za meli, bandari na nyaraka hazina faida. Iache Dar mahali salama, ukodi huku. Anayehamia kikazi ni habari nyingine. Aanze na mamlaka za mapato na bandari wiki kadhaa kabla.

Mpwa wangu yuko Unguja na ana leseni ya Zanzibar. Anaweza kuniendeshea gari niliyokodi?

Anaweza, kwa sharti kwamba jina lake na namba ya leseni yake vimeandikwa kwenye mkataba kabla hajakaa kwenye usukani. Kama jina halimo, bima itamchukulia kuwa dereva asiyeruhusiwa na hasara yote itakurudia wewe uliyesaini. Kumwandika ni kazi ya dakika tano ofisini kwa mwenye gari. Nenda naye siku unayoichukua, aje na leseni yake mkononi.